Tarehe ya Azimio niandike ipi ubaoni? Naomba ushauri

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni.

Nina kibanda cha kunyoa Kaloleni hapa Arusha, si mbali na mnara wa Mwenge. Mlangoni nimetundika ubao, kila asubuhi naandika "Siku kama ya leo". Wateja wanaupenda kuliko hata redio. Tarehe 12 Aprili niliandika kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, ajali ya gari Dakawa, 1984; kijana mmoja wa Monduli, kwao Sokoine, alikaa kimya mpaka namaliza kumnyoa.

Balaa lilianza 5 Februari. Niliandika Azimio la Arusha, lile la siasa ya Ujamaa, 1967. Mzee mmoja, povu limejaa shavuni, akainuka kwenye kiti na kufuta tarehe kwa kiganja. "Mwanangu, kikao kilikuwa Januari, hapo ukumbini!" Na kweli, Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikaa 26 hadi 29 Januari ikalipitisha, likaja kutangazwa 5 Februari. Ukumbi wenyewe ndio makumbusho ya leo.

Sasa hata Mwenge wa Uhuru unanitia wasiwasi. Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha Kilimanjaro usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Niuweke tarehe 8 au 9?

Nifuate siku jambo lilipotendeka, au siku nchi inayoiadhimisha? Kuandika zote mbili ubao hautoshi, na mwandiko wangu ni wa daktari. Pia nisaidieni matukio ya Agosti. Ninalo moja tu, mkataba wa amani wa Rwanda uliosainiwa hapa 4 Agosti 1993.

Mzee anarudi Jumamosi kunyoa.