Nimegongwa na bodaboda NDANI ya njia ya baiskeli, Manzese. Hii njia ni ya nani?

Wakuu salaam. Mkono wa kulia una bandeji, naandika kwa kidole gumba cha kushoto, kwa hiyo mnivumilie herufi zikiruka. Hasira ninazo na sitazificha.

Juzi Jumatano, saa 12 na dakika kama 20 asubuhi, nimegongwa hapa Dar es Salaam, kati ya kituo cha basi cha Manzese na kile cha Argentina. Sikuwa barabara kubwa. Nilikuwa kwenye njia ya baiskeli, ile iliyojengwa pamoja na mradi wa mabasi ya mwendokasi, upande wangu wa kushoto, naelekea mjini. Mbele yangu kuna meza ya mbao imefunikwa turubai, mwenyewe kaiacha hapo tangu usiku, imekula zaidi ya nusu ya njia. Napunguza, nachepuka kuipita, ghafla nyuma ya meza anatokea bodaboda. Anatoka mjini anaelekea Ubungo, kwenye njia hiyohiyo, kinyume, taa kazima, kapakia abiria na begi kaweka juu ya tangi. Nilishika breki zote mbili. Tairi lake la mbele likaingia kwenye ringi yangu, nikaenda chini kiganja kwanza, kisha kiwiko.

Yule kijana hakushuka. Akaniangalia nikiwa chini, akasema, "Kaka na wewe, baiskeli asubuhi yote hii unatafuta nini?" Abiria akamwambia twende nachelewa, wakaondoka. Namba sikuiwahi.

Walioniinua ni watu wa pale. Mama mmoja muuza vitumbua akanimiminia maji ya dumu mkononi, akaleta na kipande cha sabuni, akanisugulia mchanga uliokuwa umeingia kwenye nyama, huku ananiambia vumilia mwanangu, vumilia. Mungu ambariki sana. Ila mzee mmoja pembeni akasema neno ambalo mpaka leo linanizunguka kichwani: "Mwanangu, hii ni njia ya bodaboda, wewe ulitakiwa uwe makini." Mzee wa watu wala hakuwa na ubaya. Anasema anachokiona kila siku. Mabasi yalianza kutembea 2016, na miaka yote hii mtu anayekaa hatua chache kutoka njia hiyo hajawahi kujua kwamba ni ya baiskeli!

Niwaambie kwa nini linaniuma hivi. Mwezi uliopita nilipima presha, ikasoma 148 kwa 94. Daktari akaniambia kuanzia 140 kwa 90 tunahesabu ni presha ya kupanda, ila kwa hali yako tujaribu kwanza chumvi na mazoezi, urudi baada ya miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mimi nasimama dukani Kariakoo kutwa, nafika nyumbani Ubungo saa 2 usiku nimechoka. Nikapiga hesabu: Ubungo mpaka dukani ni kama kilomita nane, dakika 35 hadi 40. Kwenda na kurudi siku tatu kwa wiki, nimevuka zile 150 na nauli nimeokoa. Nikanunua baiskeli ya mtumba laki mbili na themanini, helmeti elfu thelathini na tano. Soda nikaacha, chumvi ya mezani nikaitoa kabisa, chipsi mayai mara moja kwa wiki. Wiki ya tatu mkanda ukaingia tundu moja ndani. Kwa mtu wa miaka 43 ambaye hajawahi kumaliza mpango wowote wa mazoezi, lile tundu moja lilikuwa jambo kubwa.

Sasa nimesimamishwa. Hospitali wamenichoma sindano ya pepopunda na kunipiga picha. Daktari akabonyeza kile kishimo kilicho chini ya kidole gumba, nikaruka. Akasema kuna kimfupa kidogo hapo, ukiangukia kiganja kinaweza kupata ufa na picha ya kwanza isiuonyeshe, kwa hiyo maumivu yakiendelea nirudi kupiga nyingine. Baiskeli haishikwi kwa sasa. Fundi naye anasema ringi itanyooka, lakini spoku sita zimekwenda.

Nilikokota baiskeli mpaka nikakutana na askari wa barabarani. Jibu: "Hapo mmegongana tu, ungemshika mkamalizana." Ningemshikaje, nipo chini?

Sababu ya bodaboda kupita kinyume naijua. Njia ya mabasi ipo katikati, sehemu za kugeukia ziko mbali mbali, mtu akitaka kurudi upande wa pili lazima aende mpaka kwenye makutano. Yeye anaona mafuta na muda, anakata kushoto kwetu. Mdogo wangu mwenyewe ni bodaboda, nilipomuuliza akakiri kwamba na yeye hupita. Tuligombana. Maana kile anachookoa yeye, dakika tano na mafuta ya mia tatu, mimi nimekilipa kwa mkono.

Na siyo mimi tu wa mazoezi. Wale wauza samaki wanaotoka soko la Feri na tenga nyuma, wasambaza mikate, wauza kahawa, hao ndio wenye baiskeli wa jiji hili tangu zamani. Waangalieni asubuhi wanapita wapi: barabara kubwa, ubavuni mwa malori, kwa sababu njia yao imejaa meza, magari yaliyoegeshwa na bodaboda wanaosubiri abiria. Mwaka 2018 Dar es Salaam ilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa ajili ya mradi huuhuu. Nilijivunia. Leo anayebeba tenga la samaki anakoswakoswa na lori, na njia yake ipo mita mbili pembeni.

Wenye dhamana, tunaomba meza ziondolewe zisilale njiani, na askari wawepo kuanzia saa 12 asubuhi, siyo saa 3 wakati watu tumeshagongwa. Bodaboda anayepita kinyume mule ndani akamatwe kama anavyokamatwa aliyepita njia ya mwendokasi.

Na tafadhali asije mtu hapa kuniambia nenda jimu au nenda Coco Beach. Jimu ni ada ya kila mwezi na muda ambao sina. Coco kutoka Ubungo ni nauli nyingine.

Ninachotaka kujua kwenu mnaopita na baiskeli Ubungo mpaka Magomeni asubuhi: mnapita saa ngapi, na upande gani? Tukifuatana hata watano tutaonekana kutoka mbali. Baiskeli inatoka kwa fundi Jumamosi, mkono nitaambiwa wiki ijayo. Nikiruhusiwa tu, nitakuwepo Shekilango saa 12 kamili, helmeti nyekundu.