Maji ndani ya maikrowevu ya gari la kambi

*Kikundi: Familia Moja*

Ijumaa

Rehema, 07:12: Habari za asubuhi wote. Wakubwa shikamooni. Naomba mawazo yenu. Ile maikrowevu iliyojengewa kabatini kwenye gari la kambi, pale juu ya jiko, inatoa maji. Nimefungua mlango sasa hivi nimekuta matone yametanda kwenye kioo upande wa ndani, na sahani ya kuzunguka ina kidimbwi. Na jana hatukuigusa kabisa.

Rehema, 07:13: Nawatumia picha. Angalieni ile pembe ya juu kulia, ndiko matone yalikojazana.

Baraka, 07:20: Pole dada. Iwashe kidogo ikiwa tupu, joto litaikausha.

Mjomba, 07:24: Marahaba Rehema, poleni na safari. Baraka, hapana. Msiiwashe ikiwa tupu. Mawimbi yale yanataka kitu cha kuyanyonya, chakula au maji ya kutosha. Yakikosa, mengi yanarudi kwenye magnetroni, ile injini yake, na kuiunguza. Vitone vya ukutani havitoshi kuwa mzigo.

Baraka, 07:25: Nimekuelewa mjomba.

Mama Mdogo, 07:31: Mimi naogopa mionzi. Maji kwenye mlango si dalili kwamba inavuja? Watoto wanasimama hapo hapo.

Mjomba, 07:33: Dada, nitakujibu hilo vizuri, nipe nafasi kwanza nimuulize Rehema. Rehema: maji unayaona baada ya kupika, baada ya mvua, au hata siku kavu ambayo hamkupika? Na kuna kitu kingine chochote kisicho cha kawaida?

Rehema, 07:41: Usiku kulikuwa na manyunyu, tena baridi kali. Jioni tulipika kwa gesi kwenye jiko lililo chini yake. Madirisha yote tulifunga. Na kweli, kuna jambo nilitaka kusema: usiku wa manane ililia piii yenyewe, nikaamka nikakuta namba zinabadilika kwenye kioo cha saa bila mtu kugusa.

Mjomba, 07:43: Hilo ndilo la kushughulikia sasa hivi, mengine yasubiri. Unyevu umeingia nyuma ya vitufe. Ichomoeni kwenye umeme. Mara nyingi plagi imefichwa ndani ya kabati la juu yake. Msipoifikia, zimeni swichi yake kwenye paneli ya umeme ya gari. Isirudishwe mpaka ikauke.

Shemeji Musa, 07:52: Shikamoo mjomba. Nimeshachomoa, plagi ilikuwa kabatini kama ulivyosema. Nina bisibisi mkononi, nifungue ganda la juu nipulize ndani kwa mashine ya kukaushia nywele?

Mjomba, 07:53: Marahaba baba. Weka bisibisi chini tafadhali.

Mjomba, 07:58: Musa, ndani ya ganda kuna kapasita inayofanya kazi kwa maelfu ya volti, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Watu wamekufa kwa kugusa pale, wengine ni mafundi wazoefu. Mwenye gari anafanya kazi mahali pawili tu: ndani ya chumba cha chakula, yaani pale sahani inapozunguka, na nje kwenye kabati na tundu la hewa. Lile ganda la bati mwachieni fundi mwenye vifaa. Nakusihi kwa dhati.

Shemeji Musa, 08:00: Nimeiweka mjomba. Asante.

Mama Mdogo, 08:02: Alhamdulillahi.

Mjomba, 08:21: Sasa nieleze. Maji yanaingia kwenye maikrowevu kwa njia mbili, na dawa zake hazifanani, kwa hiyo kabla ya kununua chochote lazima tujue ni ipi.

Ya kwanza ni jasho. Hewa ya ndani ya gari ina mvuke, inagusa bati baridi, mvuke unageuka maji. Gari la kambi ni chumba kidogo kilichofungwa, kwa hiyo unyevu unapanda haraka mno. Ndani kukiwa nyuzi 20 na unyevu asilimia 60, bati likishuka tu chini ya nyuzi 12 linaanza kulowa. Na gesi yenyewe inazaa maji: ukichoma kilo moja ya propani unapata kilo 1.6 hivi za mvuke wa maji, hata kama sufuria iko tupu. Ongeza pumzi zenu usiku kucha.

Ya pili ni maji ya nje: paa, kiungio, au tundu la kutolea hewa ukutani. Haya ni hatari zaidi, kwa sababu yanaozesha mbao za ukuta polepole na wewe huoni kitu mpaka siku ukiegemea panabonyea.

Baraka, 08:24: Sasa mtu anatofautisha vipi? Maji ni maji.

Mjomba, 08:32: Kwa tishu. Rehema, kausha kila mahali kwa kitambaa, mpaka chini ya sahani na kile kigurudumu chake. Kisha bandika vipande vya tishu kavu kwa gundi ya karatasi: kimoja kwenye dari ya chumba cha maikrowevu, kimoja nyuma, kimoja ndani ya kabati la juu pale ukuta unapokutana na paa, na kingine kwenye bomba la hewa linapotoboa ukuta. Leo msipike ndani ya gari. Mlango wa maikrowevu mfunge kama kawaida. Kesho alfajiri, kabla hamjafungua madirisha, kagua kila kipande. Kabati likilowa, tuna tatizo la mvua. Kabati likiwa kavu na chumba cha chakula kimelowa, hilo ni jasho.

Rehema, 08:35: Nafanya sasa hivi.

Mjomba, 08:36: Na alfajiri hiyo hiyo, weka kiganja kwenye matundu ya mbele, yale yaliyo juu ya mlango. Niambie unasikia nini.

Mama Mdogo, 08:40: Kaka, na swali langu?

Mjomba, 08:51: Sijalisahau dada. Matone kwenye kioo peke yake si dalili ya kuvuja mionzi. Ni mvuke tu umepata mahali pa baridi. Mlango unazuia mawimbi kwa ule wavu wa chuma ndani ya kioo na kwa umbo la kingo zake zote nne. Sheria ya Marekani, kwa mfano, inaruhusu milliwati 5 tu kwa kila sentimita mraba, ikipimwa sentimita 5 hivi kutoka kwenye maikrowevu, kwa maisha yake yote. Tena kadiri mtu anavyosogea mbali ndivyo nguvu inavyopungua kwa kasi. Cha kukuogopesha ni mlango uliopinda, bawaba iliyolegea, lachi isiyoshika au kutu kwenye kingo. Ukiona kimojawapo, isitumike tena. Ndiyo maana unyevu huu siudharau: ukikaa muda mrefu unaleta kutu.

Mama Mdogo, 08:53: Hapo nimeridhika. Rehema, kagua kutu basi.

Rehema, 09:10: Nimekagua mama. Kingo safi, mlango unashika vizuri. Ila kwenye sakafu ya ndani, karibu na kigurudumu, rangi imevimba kidogo, ukubwa wa kucha ya kidole kidogo.

Mjomba, 09:14: Ipige picha kwa karibu, tutairudia.

Jumamosi

Rehema, 06:05: Mjomba, matokeo. Tishu za kabatini kavu kabisa, zinachakacha. Ya kwenye bomba ukutani kavu, ila karatasi ni baridi sana ukiigusa. Ya kwenye dari ya maikrowevu imelowa, na ile pembe ya kulia inadondosha. Na hatukupika!

Rehema, 06:06: Na kwenye matundu ya mbele nimesikia upepo wa baridi kabisa ukinipiga kiganjani. Kama mtu amefungua dirisha dogo.

Mjomba, 06:20: Vizuri sana, kazi safi. Basi paa lenu ni zima, na hilo ni jambo kubwa la kushukuru. Tatizo ni baridi inayoingia. Nje ya gari, ukutani usawa wa maikrowevu, kuna tundu lenye kifuniko chepesi kinachojifungua feni ya jiko ikisukuma hewa na kujifunga feni ikizimwa. Nashuku hakijifungi. Hewa ya nje inashuka kwenye bomba, inazunguka bati la maikrowevu usiku kucha, bati linapoa, na pumzi zenu zinageuka maji humo ndani. Musa, panda ngazi uangalie. Kuna magari ambayo kifuniko kina vibanio vya kukifunga wakati wa safari, angalia na hivyo.

Shemeji Musa, 06:58: Mjomba!! Angalia picha. Nyigu wamejenga nyumba ya udongo kwenye bawaba ya kifuniko. Kimebaki nusu wazi, hakipandi wala hakishuki. Vibanio vipo lakini vimefunguliwa vizuri.

Baraka, 07:01: Nyigu! Donge lenyewe kubwa kama ngumi.

Mjomba, 07:05: Sasa mambo yote yanaelewana. Kikiwa nusu wazi, usiku kinaingiza baridi, na mkipika kinazuia mvuke wa jiko usitoke, unarudi ndani kuwasubiri mlale. Musa, hakikisha kwanza nyumba imehamwa. Kisha lilowanishe donge kwa maji kidogo, litoe kwa kijiti cha mbao, usikwangue kwa chuma utatoboa plastiki. Futa mafuta kwenye bawaba kwa maji ya sabuni. Kifuniko kinatakiwa kianguke chenyewe ukikiachia.

Shemeji Musa, 08:15: Limetoka. Kifuniko kinacheza vizuri, kinaanguka chenyewe. Nina silikoni hapa, nizungushie pande zote ili nyigu wasirudi?

Mjomba, 08:19: Silikoni isiguse kifuniko hata kidogo, kikiganda tumerudi pale pale. Fremu peke yake ndiyo inazibwa, tena kama kiungio cha zamani kimepasuka: juu na pembeni mbili. Chini acha wazi, maji yakipenya nyuma ya fremu yapate pa kutokea. Kwa nyigu, funga vibanio wakati gari limeegeshwa miezi bila kutumika, na uvifungue kabla ya kupika. Wavu mnene usiweke, mafuta ya mapishi yataziba matundu.

Baraka, 08:26: Mjomba, mimi nimeona watu wanaweka vile vibakuli vya chumvi ya kunyonya unyevu ndani ya maikrowevu. Vinafaa?

Mjomba, 08:34: Kabatini sawa, ndani ya maikrowevu sipendi. Ile ni kloridi ya kalsiamu, inanyonya mpaka inakuwa maji ya chumvi, na yakimwagika kwenye bati yanakula chuma kuliko umande wenyewe. Tena mtu anaweza kuisahau humo akawasha. Ukitaka kitu cha ndani wakati gari limeegeshwa, acha mlango wazi kidogo tu, plagi ikiwa imechomolewa ili taa isiwake mchana na usiku.

Rehema, 08:37: Na tukiwa tunaishi ndani ya gari, kila siku?

Mjomba, 08:46: Jiko likiwaka, feni yake ya juu iwake na dirisha moja lifunguke hata vidole viwili, baridi isiwazuie. Feni inasukuma hewa nje, lazima ipate hewa ya kuingiza. Chakula kifunikwe kwa kifuniko chenye matundu. Ukimaliza, futa kuta na uache mlango wazi dakika kadhaa. Chujio la mafuta la chini lisafishwe, maana likiziba feni inazunguka bure. Na kama mnatumia waya mrefu mwembamba kuvuta umeme, volteji inashuka, chakula kinachelewa kuiva, mvuke unazidi. Mngekuwa mmelalamika kwamba haipashi vizuri ningeanza na waya huo.

Jumatatu

Rehema, 06:40: Shikamoo mjomba. Tishu ya dari kavu kabisa leo, na usiku kulikuwa na baridi ile ile. Pembe ya kulia kavu. Kwenye matundu ya mbele sisikii upepo.

Mjomba, 06:52: Marahaba mama, nimefurahi mno. Sasa rudisheni plagi, msiwashe chochote. Kaeni nayo muda, muone kama namba zinaruka zenyewe.

Rehema, 08:30: Imetulia. Haijalia hata mara moja.

Mjomba, 08:33: Haya, weka kikombe cha maji ya kawaida, ipashe dakika mbili, na usiondoke. Sikiliza feni yake ya ndani, angalia kama kuna cheche upande wa ile karatasi ya maika, ile ya rangi ya kijivu au kahawia ukutani ndani. Kisha washa feni ya jiko, Musa awe nje atazame kifuniko.

Rehema, 08:44: Maji yamepata moto. Feni inavuma, cheche hamna. Karatasi ya maika ina doa la mafuta pembeni.

Shemeji Musa, 08:45: Nje kifuniko kimepanda chote, hewa inatoka kwa nguvu. Feni ilipozimwa kikaanguka.

Mjomba, 08:50: Doa la mafuta lifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, taratibu, maika inakatika kirahisi. Likigoma au likiwa jeusi, karatasi ibadilishwe, kwa sababu mafuta yakiungua hapo ndipo cheche zinapoanzia. Na ile rangi iliyovimba sakafuni nimeiangalia kwenye picha. Ibonyeze kwa ukucha, imebanduka?

Rehema, 08:54: Imebanduka kidogo, chini naona bati linang'aa. Kutu bado.

Mjomba, 08:59: Basi mmewahi. Kuna rangi maalumu ya ndani ya maikrowevu, usitumie nyingine yoyote. Kwangua kilicholegea, sugua kwa msasa laini, futa vumbi, paka, na usubiri ikauke kwa saa zilizoandikwa kwenye chupa. Mpaka hapo msipikie humo.

Mama Mdogo, 09:03: Rehema, kabla ya kupaka nitumie jina la rangi hiyo. Ya kwangu nyumbani imevimba hivyo hivyo, karibu na kigurudumu.

Mjomba, 09:04: Dada, nawe nipigie picha kwanza. Kingo za mlango pia.