Mrejesho: choo kigumu baada ya oparesheni ya kizazi kilichoshuka

Wapendwa mi ndo yule wa Uyole, wiki tatu zilizopita niliuliza nifanyeje, siku ya tano baada ya oparesheni ya kizazi kushuka choo hakijatoka na naogopa kusukuma nyuzi zisije zikaachia. Nilirudi kwa daktari, kumbe ile tramadol ya maumivu ndo ilikuwa inafunga tumbo! Akanibadilishia, akaniongezea laktulozi, dawa ya kulainisha choo, hiyo usitegemee ifanye kazi saa hiyohiyo, mimi ilichukua siku mbili.

Ila kilichonisaidia kuliko vyote ni kigoda cha jikoni jamani. Choo chetu cha kukaa, basi miguu naiweka juu ya kigoda magoti yapande kuzidi kiuno, nainama mbele, viwiko mapajani, napumua taratibu bila kubana pumzi, kinateleza chenyewe. Naenda asubuhi baada ya uji tumbo likishaamka, kisipokuja naondoka, sikai humo na simu.

Maji nakunywa ya uvuguvugu (baridi hii ya Mbeya nani anaweza ya mtungini), dona, maharage, parachichi za Tukuyu. Ndoo bado sibebi, wiki sita tangu oparesheni hazijaisha, mama mkwe kanuna lakini atazoea.