Chuo cha Kanisa kimekalia matokeo yetu kwa sababu hakijalipa walimu

Wakuu, heshima kwenu. Jina la chuo silitaji. Ni cha Wakatoliki, na waliosoma pale watakitambua kabla hawajafika katikati ya uzi huu.

Tulidahiliwa Shahada ya Ualimu, miaka mitatu, Kiswahili na Jiografia. Tumemaliza. Ada tumelipa, BTP (mafunzo ya ualimu kwa vitendo shuleni) tumekwenda, mitihani yote tumefanya. Leo ukifungua akaunti ya matokeo unakuta kozi mbili za muhula wa mwisho zimeandikwa "I", yaani hazijakamilika. Si sapu (kurudia mtihani), si kukeri (kubeba kozi uliyofeli). Karatasi tulikabidhi na saini zetu zimo kwenye fomu ya mahudhurio!

Ukweli tumeupata kwa watu wa idarani: kozi zile zilifundishwa na walimu wa patitaimu, chuo hakijawalipa, na wao wamezuia alama mpaka wapewe chao. Siwalaumu hata kidogo. Mtu anafundisha ukumbi mzima jioni baada ya kazi yake, anasahihisha rundo lile lote, halafu anaambiwa asubiri? Chuo hiki hiki kilitusomesha Mafundisho Jamii ya Kanisa kwa lazima. Tulisoma Rerum Novarum, waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891, unaotaka mfanyakazi alipwe ujira wa haki. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele. Wanaoyafundisha hayo ndio wanaozuia ujira wa watu, na sisi ndio tunaoumia.

Hoja ya kwamba pesa hakuna siikubali. Mwanafunzi akidaiwa hata kidogo hapewi kibali cha mtihani, huruma haipo. Sisi wenye mkopo, Bodi ya Mikopo iliingiza ada moja kwa moja chuoni, na deni hilo ni letu: tukiajiriwa tunakatwa asilimia 15 ya mshahara. Tunadaiwa kwa elimu ambayo chuo kimekataa kuikamilisha.

Na bila transkripti, yaani hati ya matokeo ya kozi zote, huombi kazi. Nafasi za ualimu zinatangazwa, dirisha linafungwa, wenzetu wa vyuo vingine wanaitwa kwenye usaili. Ofisi ya mitihani inakutuma idarani, idara inakupeleka kwa Naibu Makamu Mkuu wa Taaluma, na huko katibu muhtasi anakwambia bosi yuko kikaoni. Wakati huo mabango ya programu mpya yametapakaa mjini! TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, haipitishi programu bila chuo kuonyesha walimu wa kuifundisha. Kwenye programu yetu walionyeshwa kina nani, ikiwa kozi za mwaka wa mwisho zinategemea watu wa kuazima?

Najua wapo watakaokuja kusema naichafua dini. Mimi ni Mkatoliki, nimelelewa TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, tangu sekondari, na chuo hiki nilikichagua kwa sababu ni cha Kanisa. Wazazi wangu waliuza mahindi yao wakiamini kwa mapadre hakuna ubabaishaji.

Tunachotaka ni walimu wale walipwe, alama ziingizwe, Seneti ya chuo, inayopitisha matokeo, ikae hata kwa dharura kabla ya mahafali. Kuna aliyewahi kupeleka shauri kama hili TCU kwa maandishi na likafanyiwa kazi? Aeleze alianza na barua ya mtu mmoja mmoja au ya darasa zima, maana tumeshaanza kukusanya saini.