MREJESHO: Yule niliyeshindwa kupanda gari baada ya ajali, nilienda hospitali

Habari zenu wapendwa. Mimi ndo yule niliyeuliza mwezi wa tatu kuhusu kushtuka usiku na kuogopa magari tangu ile ajali ya basi njia ya Morogoro, wengine mkasema majini, wengine mkaniambia nikaonane na mwanasaikolojia.

Nilianza na maombi na sijaacha, ila usingizi ulikuwa haupo kabisa, mtoto akidondosha sahani tu mi nasikia vile vioo vinapasuka upya, basi dada yangu akanishika mkono tukaenda Muhimbili kitengo cha afya ya akili. Daktari hakuniharakisha. Akanielewesha kwamba ubongo unaweza kubaki kwenye hali ya hatari hata kama hatari imeshapita, na dalili zikizidi mwezi 1 zikakuvuruga maisha huo ni ugonjwa na unatibika, wanauita PTSD, yaani mshtuko unaobaki baada ya tukio la kutisha, sio upungufu wa imani. Kumbe hata ile kukwepa barabara ndo ilikuwa inalisha woga!

Tiba yangu kubwa ni mazungumzo kila wiki na kurudi barabarani kidogokidogo, kwanza kukaa tu stendi, halafu kupanda daladala kituo kimoja. Siku hiyo nimeshika bomba viganja vimelowa jasho, konda anagonga bodi mi nahesabu pumzi, nikashuka nikalia, kwa furaha jamani.

Sasa hivi Kariakoo nafika mwenyewe. Usiku bado nashtuka mara mojamoja, na basi la mkoani bado, tunalifanyia kazi. Dada ulioniandikia "nenda, wewe sio kichaa", Mungu akubariki sana.