Acheni kuwagandisha wadudu kwenye friji halafu mtuambie ni "tabia zao za asili"

Wakuu, heshima kwenu. Wasimamizi, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa kamera na lenzi. Hapa siongelei vifaa.

Kwenye kundi letu la wapiga picha za wadudu kuna mtu, jina simtaji, juzi kapandisha picha ya isopodi. Wale wa kijivu wanaokaa chini ya vyungu vya maua na matofali yenye unyevu, ambao wengine ukiwagusa wanajikunja duara kama gololi. Kaandika chini yake "ametulia, anapumzika". Sifa zikamiminika. Alipoulizwa kamtulizaje, akajibu bila aibu: alimtia kwenye friji, akamtoa miguu imekufa ganzi, akamlaza juu ya waridi. Na watu badala ya kumkemea wakaanza kuulizana dakika ngapi zinatosha!

Jamani. Hawa ni ndugu wa kamba na kaa waliohamia nchi kavu, na mpaka leo wanapumua kwa viungo vilivyo chini ya tumbo, upande wa nyuma, vinavyotaka unyevu muda wote. Vikikauka, mnyama anakufa. Hewa ya friji ni kavu. Ukimtoa humo ukamwekea taa kali sentimita chache kutoka mgongoni, unamkausha mara ya pili. Huyo hapumziki, anakaribia kufa, na ninyi mnampa pongezi mpiga picha.

Maelezo mnayoandika nayo yananiudhi kupita kiasi. Mmoja kapandisha wa buluu inayong'aa, "spishi adimu". Isopodi wa kijivu wa bustanini akigeuka buluu au zambarau namna ile, mara nyingi ana kirusi: chembe zake zinajipanga mwilini kwa wingi mpaka zinaakisi mwanga wa rangi hiyo, na mnyama haponi. Mwingine kapandisha mwenye rangi mbili, nyuma mpauko mbele kijivu, akaandika "mgonjwa". Huyo ndiye mzima! Isopodi hujivua gamba kwa awamu mbili, kwanza nusu ya nyuma, kisha baada ya siku moja au zaidi nusu ya mbele. Kulipata tukio hilo katikati ni bahati kubwa. Yeye alipomaliza kupiga akamtumbukiza kwenye spiriti. Niliposoma hapo nilizima simu.

Mambo ya kupiga picha yamejaa, tena bila kumgusa mnyama. Jike hubeba mayai kwenye mfuko wenye majimaji chini ya kifua, na watoto wakitoka ni weupe, wana jozi sita za miguu wakati mama yao ana saba. Kukiwa kukavu wanabanana chungu nzima kupunguza kupotea kwa maji mwilini (kuna aliyeandika eti "familia yenye upendo"). Pakavu hutembea haraka haraka, wakifika penye unyevu wanapunguza mwendo au kusimama kabisa. Hapo ndipo pa kusubiri na lenzi yako, ndugu yangu. Nenda usiku, funika tochi kwa nailoni nyekundu, lainisha flashi kwa karatasi nyeupe, kaa kimya. Jiwe uliloinua lirudishe lilivyokuwa, taratibu, usiwaponde. Hata hilo linawashinda wengi: nimekuta bustani nzima mawe yamepinduliwa na kuachwa juani.

Msiniambie "ni mdudu tu". Kama ni mdudu tu, mbona mnatumia usiku mzima kuhariri picha yake?

Viongozi wa kundi, nataka sharti moja liwekwe wiki hii. Aliyegandisha, aliyeua au aliyemhamisha mnyama kutoka alipomkuta aandike hivyo waziwazi chini ya picha. Asiyetaka kuandika, picha yake iondolewe.