Naombeni msaada wakuu, kila nikichora mwanamke anatoka mwanaume aliyesuka

Rangi_Chuno

Habari za saa hizi wakuu, Mtwara kuchele. Mi ni kijana wa hapa mjini, naandika mabango na kuchora kwenye kuta za maduka, mwaka wa tatu sasa. Herufi sina shida nazo, soda, simu, samaki, bodaboda vyote natoa na mteja analipa bila maneno. Tatizo langu ni uso wa mtu, na hasa uso wa mwanamke, na safari hii limenigusa kweli ndo maana nimekuja kwenu.

Kuna mama ana saluni huku kwetu alinipa kazi ya bango la plaiwudi futi nne kwa nne, vichwa viwili vya wanawake, mmoja kasuka twende kilioni mwingine rasta. Tukapatana elfu themanini, akanitangulizia elfu thelathini. Nimekaa na ile kazi siku nne, juzi jioni nikapeleka, mama akaliangalia kimya muda mrefu afu akaniambia kwa upole tu, mwanangu hawa ni wanaume umewasuka. Hakunifokea, na hiyo ndo iliniuma zaidi, sikulala vizuri. Wasichana wake wakatoka kuangalia nao wakasema hivyo hivyo. Kanipa wiki mbili nirudie.

Ninavyofanya ni hivi. Nina kiolezo cha manila nilikikata zamani kwenye kazi ya kinyozi na ndo nakitumia kwa vichwa vyote sababu vipimo vyake nilivihakiki, macho katikati kabisa ya kichwa ukipima kutoka utosini mpaka kidevuni, kati ya jicho na jicho inaingia nafasi ya jicho moja, na kuanzia nywele zinapoota mpaka nyusi, nyusi mpaka chini ya pua, chini ya pua mpaka kidevu, hayo mafungu matatu yanalingana. Akiwa mwanamke naongeza kope, wanja, lipstiki, hereni na nywele. Nilivyoona bado anafanana na mwanaume nikarefusha kope tena na mdomo nikauzidishia wekundu, ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Video nimeangalia nyingi ila wanachora Wazungu au zile katuni za macho makubwa na pua ya ncha, nikiiga inatoka sura ambayo hapa Mtwara hayupo mtu wa hivyo. Sasa tofauti ya uso wa kiume na wa kike iko wapi hasa? Nianzie wapi kujifunza?

mwanakusini82

Pole sana mdogo wangu. Weka picha ya hilo bango watu waone, bila picha tutakuwa tunakisia.

Rangi_Chuno

Nimeiweka hapo juu kaka, samahani mwanga wa taa.

FundiBango_Lindi

Nimeiona. Kwanza nikuambie una mkono, rasta umezichora vizuri na rangi ya mafuta umeilaza sawa. Na vipimo vyako viko sahihi. Ila hivyo vipimo ni vya binadamu yeyote, havijui huyu baba au mama. Kiolezo ulikikata kwa ajili ya kinyozi, maana yake paji ni la mwanaume, taya la mwanaume, shingo ya mwanaume, afu juu yake unavika hereni. Hapo hata uweke kope za shubiri mbili watu watamuona yule yule wa chini. Kiweke pembeni hicho kiolezo.

Anzia kwenye paji la uso na mchore mtu wa ubavuni, ndo utaona haraka. Mwanaume ule mfupa wa juu ya macho, pale nyusi zinapokaa, umejitokeza kama kibaraza, afu kutoka hapo paji linalala kidogo kwenda nyuma. Ndo maana jicho lake linaonekana limeingia ndani, lina kivuli, na nyusi imeshuka karibu na jicho tena imenyooka. Mwanamke hicho kibaraza hakipo au ni kidogo sana, paji linapanda wima afu linapinda taratibu kwenda utosini, wengine linajaa kabisa mpaka wanaambiwa wana komwe. Kutoka jicho mpaka nyusi kwake kuna nafasi, ngozi ya juu ya jicho inaonekana. Wewe nyusi umezigandisha kwenye jicho na ukazifanya nene, mtu akipita barabarani anaona wamekasirika.

Shuka kwenye taya. La mwanaume linashuka kutoka sikioni, linafika kwenye pembe, linakata kona, linaenda kidevuni, na kidevu chenyewe kina upana, kama kina kona mbili ndogo. La mwanamke lichore kwa mkono mmoja usiosimama, kutoka chini ya sikio mpaka kidevu, kona ipo ila imelainika, na kidevu ni chembamba. Na shingo, wewe umeshusha mistari miwili kutoka kwenye pembe za taya moja kwa moja mpaka mabegani, hiyo ni shingo ya mwanaume anayebeba magunia ya korosho. Ya mwanamke inaanzia ndani zaidi, nyembamba, na kikoromeo usikichore kabisa.

Kuna kitu kingine wengi hawakisemi. Kila mstari unaouongeza usoni unaongeza umri na ugumu. Ile mistari miwili kutoka puani kwenda mdomoni umeikaza sana, na mwanzi wa pua umeuwekea mstari kila upande. Ifute. Pua ya mwanamke kwenye bango inatosha kivuli cha chini na matundu, ule mwanzi uache mwanga uuchore.

Nilipokuwa najifunza aliyenifundisha alikuwa anafunika nywele na hereni kwa karatasi afu ananiuliza huyu nani. Nikishindwa kujibu nafuta naanza tena. Fanya hivyo.

kalamu_ya_mkaa

Nakubaliana na fundi kwa sehemu kubwa ila niseme, hii ya mwanamke mviringo mwanaume kona watu wasiishike kama sheria. Mama yangu mzazi ana taya pana na paji lililolala, shangazi zangu wote hivyo hivyo, na ni wanawake wazuri hakuna aliyewahi kuwachanganya na wanaume. Ukimchora kila mwanamke na kidevu chembamba utakuwa na mwanamke mmoja unamrudia bango hadi bango, kasoro ile ile ya kiolezo umeihamisha tu.

FundiBango_Lindi

Upo sahihi kabisa kalamu na nashukuru umelisema. Ila yeye ana wiki mbili na bango linaangaliwa na mtu yuko kwenye bodaboda, anahitaji sura isomeke kwa mbali. Akishaweza hiyo ndo aanze kuchanganya, taya pana na nyusi za juu, au komwe na kidevu kipana. Shangazi zako nadhani nyusi na shingo ndo zinazomwambia mtu huyu mama.

tabibu_wa_kata

Mi si mchoraji ila mifupa nimeisoma. Anachosema fundi kuhusu kibaraza cha juu ya macho ni kweli kabisa, hata kwenye fuvu tupu tunakiangalia hicho, pamoja na kifundo cha mfupa nyuma ya sikio ambacho kwa mwanaume huwa kikubwa, na ukingo wa juu wa tundu la jicho, wa kike ni mkali ukiupapasa, wa kiume umekuwa butu. Ila kalamu naye ana haki, kwa fuvu peke yake hata wataalamu wanakosea, ndo maana mtu akitaka uhakika anaangalia nyonga. Tofauti ya sura ni ya kupishana, sio mstari uliokatwa.

Na hizi tofauti zinakuja na balehe. Kabla ya hapo mtoto wa kike na wa kiume nyuso zao karibu sawa. Pita shule yoyote ya msingi ya serikali, wote wamenyoa, ukiwaangalia kuanzia shingo kwenda juu tu utakuwa unabahatisha. Kwa hiyo siku ukipewa kazi ya bango la shule ya awali usihangaike na taya, watoto wachore paji kubwa, macho yashuke chini ya katikati ya kichwa, mashavu yajae, na kidevu kiwe kidogo.

Rangi_Chuno

Dah tabibu hilo la watoto sikulijua kabisa, nimewahi kuchora watoto wakatoka kama wazee wafupi, kumbe macho niliyaweka katikati.

Fundi naomba nikuulize, hicho kibaraza nakiona vizuri mtu akiwa ubavuni, ila bango langu wote wananiangalia mbele. Kwa mbele nakitoaje?

FundiBango_Lindi

Kwa mwanga. Paji la mwanaume lina mwanga sehemu mbili, juu karibu na nywele na chini juu ya nyusi, katikati pana ubonde wenye kivuli hafifu. La mwanamke weka doa moja pana la mwanga katikati, lififie kwa utaratibu kwenda pembeni. Na kivuli usitumie nyeusi tupu ndugu yangu, ngozi yetu ikipigwa nyeusi inakufa, changanya kahawia na nyekundu kidogo, inakuwa na joto.

Dada_Msusi

Mimi nasuka, nipo Mikindani, ngoja niseme kama mteja. Hiyo sura ya upande wa kulia umeitoa kwenye pakiti ya rasta, nimeijua mara moja, pua nyembamba na ngozi nyeupe umeipaka kahawia juu. Yaani karibu saluni zote za huku zimebandikwa sura za watu wasiokuwepo. Mteja akikaa kwenye kiti changu ananiambia nisuke kama huyo pale ukutani na mimi najua kabisa kwamba yeye ana paji zuri lililojaa na mashavu, ule mtindo ungempendeza kuliko huyo wa kwenye bango, ila hajawahi kujiona juu ya bango hata siku moja.

Pua pana sio ya kiume. Midomo iliyojaa sio ya kiume. Usipunguze pua ya mtu ili awe mwanamke, sikiliza fundi, punguza ugumu wa nyusi na taya. Panda kivuko cha Msangamkuu asubuhi, kina mama wanavuka na biashara zao, wengi wamejifunga vilemba nywele hazionekani, na ukiwaangalia bado unajua huyu ni mama. Jiulize umejuaje. Ila usimkodolee mtu macho, salimia kwanza, omba, mwambie unajifunza kuchora. Wengine watakataa, wengine watakaa wenyewe.

Mjukuu_wa_Mchongaji

Nimefurahi kuukuta huu uzi. Babu yangu alikuwa anachonga kule uwanda wa Newala, mpingo na pia mapiko, zile sura za ngoma. Lipiko linachongwa kwa mti mwepesi sababu mchezaji analivaa, na mchezaji ni mwanaume hata kama sura ni ya mwanamke, kwa hiyo mwili haukusaidii, sura yenyewe inabidi iseme. Watu wanajua lipiko la kike kwa ndonya, kile kipande cha mti kinachovaliwa kwenye mdomo wa juu, na la kiume mara nyingi kwa ndevu. Lakini babu ndonya alikuwa anaiweka mwisho kabisa. Alikuwa anachonga paji na mashavu kwanza, anaweka chini anakaa mbali anaangalia, anavuta tumbaku yake, anarudi anapunguza. Nilimuuliza kwa nini haanzi na ndonya ili ijulikane, akasema ndonya ni pambo lake, yeye mwenyewe lazima afike kwanza. Naikumbuka hiyo kila nikiona hereni kwenye bango.

Rangi_Chuno

Mjukuu hiyo nimeiandika kwenye daftari.

Wakuu asanteni sana wote, nitarudi na majibu.

Rangi_Chuno

Nimerudi. Samahani kwa kimya, nilikuwa nafanyia kazi mliyonielekeza.

Asubuhi tatu nimeenda kivukoni na rimu ya karatasi na penseli. Siku ya kwanza nilichora vichwa kumi na moja vyote vibaya, mama mmoja muuza ngisi aliomba aone akasema sijamweka mashavu yake, nikamchora tena palepale akiniambia mwenyewe ongeza hapa ongeza hapa. Nilichogundua ni kwamba nyusi ndo zilikuwa zinaniangusha kuliko chochote, nikizipandisha kidogo tu na kuzipunguza unene uso wote unageuka, hata bila kugusa taya. Afu nikafanya zoezi la fundi la karatasi, nafunika nywele, na nimempa mdogo wangu wa kike awe ndo anayejibu maana mimi jicho limeshazoea.

Bango nimelipiga msasa lote nikaanza upya. Wa kushoto nimemtoa kwa yule muuza ngisi, kwa ruhusa yake, mashavu na pua yake kama ilivyo, paji lile doa moja la mwanga. Wa kulia nimemchanganya kama kalamu alivyosema, taya pana ila nyusi za juu. Kiolezo cha manila nimeandika KINYOZI kwa maka peni nikakitundika.

Jana nimempelekea mama kabla sijapiga vanishi. Ameangalia akaita wasichana wake, mmoja akasema huyu wa kushoto mbona kama namfahamu. Mama akatoa elfu hamsini yake yote akasema nikimaliza nimletee nilitundike mwenyewe.

Picha hii hapa, ya mchana safari hii. Niambieni kama kuna kasoro, vanishi napiga kesho.

Dada_Msusi

Hongera sana mdogo wangu. Huyo wa kushoto nikimsuka mimi ningempa kichwa chote mabutu, ana paji la kuonyesha. Ukija Mikindani pita saluni kwangu tuongee kazi.

FundiBango_Lindi

Imekaa. Wa kulia shingo upande wa chini ya sikio bado imetoka nje kidogo, ingiza ndani kama upana wa kidole kimoja na rangi ya nyuma, afu iache ikauke usiku mzima ndo upige vanishi.